Bariera ya Mtelemkoni

22 Septemba

Nimefika Kabambare. Safari ya kutoka Kasongo kwa pikipiki imechukua siku mbili. Mvua za kwanza zimekwisha kuigeuza barabara kuwa uji, na mara nyingi nilishuka nikasukuma pamoja na dereva. Nilipofika, sare yangu na udongo vilikuwa rangi moja. Askari wa zamu akaniuliza kwa Kilingala mimi ni mke wa nani. Nikamjibu kwamba mimi ni Luteni Naomie, ofisa wa elimu ya uraia wa batalioni hii.

"Aa," akasema, "Mama Mateya."

Mateya ni mafundisho. Kabla ya jua kuchwa kambi nzima ilikuwa inaniita hivyo.

Tunakaa katika bohari la zamani la pamba. Chumba changu kina dirisha moja, linatazama barabara ya Salamabila, kule kwenye machimbo ya dhahabu.

25 Septemba

Mvua.

28 Septemba

Meja Alain, kamanda wetu, anakula kutoka sufuria moja na askari na anasubiri zamu yake. Amekataza mtu yeyote kuchukua hata ndizi ya raia. Leo askari mmoja alikutwa na kuku ambaye hakuweza kueleza amemtoa wapi. Meja hakumpiga, hakumfungia. Alimtuma amrudishe mwenyewe, kwa miguu, akiwa amempakata, katikati ya soko. Watu walicheka mpaka kuku akaogopa.

Mimi si mwepesi wa kuvutiwa na wakubwa. Huyu amenivutia. Husema, "Jeshi la kisasa ni jeshi linalojifunza." Nimeliandika ubaoni.

5 Oktoba

Karibu askari wote wametoka magharibi ya nchi, na Kiswahili kwao ni kelele tu. Amri za jeshi ni za Kilingala. Katika maofisa ni mimi peke yangu niliyezaliwa Maniema, kwa hiyo raia yeyote akija na neno, naitwa kutafsiri.

Somo la leo: kumheshimu raia. Nusu walilala. Koplo Élysée, mcheshi wao, akanyoosha mkono.

"Mama Mateya, muasi akinilenga, nimsalimie kwanza au niulize habari za watoto?"

Rafiki yake Jean-Marie alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye benchi. Sikumpenda huyu Élysée.

9 Oktoba

Bariera yetu, kizuizi cha barabarani, iko kwenye tambarare, karibu na soko. Nilikuwa pale asubuhi. Mama mmoja akaja juu ya pikipiki, amekumbatia gunia la mchele. Élysée akapaza sauti: "Telema!" Kwa Kilingala maana yake ni simama. Dereva akasimama, na mama akashuka haraka na gunia lake. Kila kitu sawa. Lakini jinsi alivyokazana kushuka ilinishangaza. Nikamfuata.

"Mama, askari amekuambia nini?"

"Si amesema nitelemuke? Nimetelemuka. Ao kuko makosa, mutoto wangu?"

"Hakuna, Mama."

"Basi. Miye Sifa ninajuaka kutii. Lakini umwambie asinitelemushe kila siku na mchele. Magoti iko inauma."

Telema, telemuka. Mmoja anasema simama, mwingine anasikia shuka. Na kwa kuwa abiria hashuki pikipiki ikienda, basi pikipiki inasimama. Tangu tufike, askari wetu wanadhani watu wa hapa wanajua Kilingala, na watu wa hapa wanadhani askari wetu wamejifunza Kiswahili. Nilicheka peke yangu njia nzima.

10 Oktoba

Nimemwambia Meja. Yeye pia alicheka.

"Luteni, mmoja anasema hiki, mwingine anasikia kile, na matokeo ni mema. Kuna ndoa zimedumu miaka arobaini kwa njia hiyo."

Nikaomba niwafundishe askari wa bariera maneno machache tu ya Kiswahili. Simama. Pita. Rudi. Akaacha kucheka.

"Jeshi lina lugha moja. Nikibadilisha amri kwa kila mkoa tunaopelekwa, siku ya vita nani atamwelewa nani?"

Si jibu la kijinga. Ndiyo sababu nimeliandika.

14 Oktoba

Mvua. Mama amepiga simu kutoka Kasongo. Wamemaliza kupanda mpunga. Aliniuliza kama ninakula.

17 Oktoba

Mvua.

21 Oktoba

Waasi wa msituni wameshambulia kituo chetu kidogo cha mbele, kwenye njia ya Salamabila. Walikuja kwa pikipiki mbili, wakiwa wamevaa kama wachimbaji. Jean-Marie amekufa. Walimleta amefunikwa turubai. Élysée ndiye aliyemwosha. Hakuna aliyemwomba. Aliomba maji ya moto, kana kwamba baridi ingemsumbua.

Jioni Meja alisema maneno mazuri mbele ya kaburi. Mimi ndiye niliyepaswa kusema baada yake, ni kazi yangu. Nilisema. Sikumbuki nini.

27 Oktoba

Bariera imehamishwa. Pale sokoni maji yametuama mpaka magotini, na baada ya shambulio Meja anataka kumwona mapema kila anayetoka Salamabila. Sasa iko kwenye mtelemko mrefu unaoshuka hadi daraja la magogo. Mlinzi anakaa juu, chini ya turubai. Mwanzi unaofunga njia uko chini kabisa, darajani, na askari wengine wawili. Mlinzi wa juu anawasimamisha watu, anawatazama, kisha anawaruhusu kushuka kwenye ukaguzi.

Meja alichora mpango wote kwenye udongo kwa kijiti. Ni mpango mzuri. Nami nilikuwa nimesimama hapo, nikauangalia, sikuona kasoro.

2 Novemba

Mvua. Élysée hasemi mizaha tena. Somo lilikuwa kimya, nikagundua kwamba nilikuwa naitegemea mizaha yake.

6 Novemba

Nilikuwa dirishani. Nikasikia sauti ya Élysée kutoka juu ya mtelemko, kisha tena, na tena, kisha milio miwili ya bunduki.

Nilipofika chini, pikipiki ilikuwa imeegemea mwanzi wa bariera. Mtu aliyekuwa akiiendesha alikuwa amelala kifudifudi kwenye matope, risasi imemwingia mgongoni. Mwenzake alikuwa amekalishwa, mikono nyuma, uso umechubuka. Walikuta magunia matupu ya mchele na pampu ya tairi. Askari mmoja aliinua ile pampu akasema ukiwa mbali inafanana na silaha.

Élysée alishuka polepole. Alikuwa anarudia kwa Kilingala, "Nilimwambia asimame. Nilimwambia mara tatu. Kila nikimwambia anaongeza mwendo."

Hapo nikajua. Nilijua kabla sijamuuliza mtu yeyote swali. Nikatazama juu ya mtelemko, nikatazama chini kwenye mwanzi, na mvua ilikuwa inapiga turubai kule juu kiasi kwamba hata mimi, ninayezijua lugha zote mbili, nisingesikia mwisho wa neno.

Katika tambarare, telemuka ni shuka kwenye pikipiki. Kwenye mtelemko, telemuka ni endelea chini.

Kadiri alivyopaza sauti, ndivyo walivyomtii.

Nilitegemea nitalia. Nilikwenda kula. Ilikuwa sombe na muhogo.

7 Novemba

Aliyekufa anaitwa Kamaldine. Alikuwa anarudi kutoka kupeleka mchele kwa wachimbaji. Aliyekamatwa ni mdogo wake, Ayoubu. Meja alimhoji mwenyewe, kwa Kifaransa, nami nikatafsiri.

"Muulize kwa nini walikataa kusimama."

Nikamuuliza.

"Hatukukataa," Ayoubu akasema. "Askari alituambia tutelemuke. Yaya akatelemuka." Yaya ni kaka yake mkubwa. "Mara ya kwanza yaya alienda polepole, juu ya matope. Mara ya pili tukasikia mutu iko anakasirika. Yaya akaniambia, 'Unishike nguvu, hawa hawapendi mutu anachelewa.' Akaongeza mafuta."

Nilitafsiri kila neno. Kisha nikamweleza Meja kuhusu mtelemko na lile neno, ingawa hakuwa ameniuliza. Ayoubu alitolewa nje. Meja alifunga mlango.

"Unamwamini, Luteni?"

"Ndiyo, Komanda."

"Hata mimi."

Nikangoja.

"Ripoti imekwenda jana. Mshambuliaji mmoja ameuawa, mmoja amekamatwa. Jenerali amenipongeza kwa simu. Ripoti ikishapanda, haishuki."

Alisema kwa Kifaransa, lakini kichwani mwangu iligeuka yenyewe: haitelemuki.

"Na Ayoubu?"

"Atapelekwa Kindu kama muasi. Watamchunguza, watamwachia. Miezi michache." Yeye mwenyewe hakuwa anaamini, nilimsikia. "Nikimpeleka Élysée mbele ya hakimu, Luteni, nitakuwa nimempeleka kwa kutii amri yangu, mahali nilipomweka mimi. Wiki mbili baada ya kumzika rafiki yake. Kesho nani atakubali kusimama pale juu?"

Hili nalo si jibu la kijinga. Nimechoka na majibu yasiyo ya kijinga. Nilipiga saluti nikatoka.

8 Novemba

Mvua.

9 Novemba

Mvua. Ubaoni bado kumeandikwa: Jeshi la kisasa ni jeshi linalojifunza. Nilichukua kitambaa nikafute, kisha nikakirudisha mahali pake.

11 Novemba

Élysée alikuja chumba cha mafunzo asubuhi, akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama Mateya. Kiswahili chao, telema wanasemaje?"

"Nani amekuambia?"

"Yule kijana tuliyemfungia kwenye kashoo anapiga kelele siku nzima. Neno moja tu, telemuka, telemuka. Hata asiyejua lugha angelisikia."

Nikamwambia: simama. Akalirudia. Ulimi wake ulilikataa mwanzoni, akawa anasema "shimama". Alirudia mpaka likanyooka. Kisha akauliza kama angesema hivyo siku ile yule mtu angesimama.

"Ndiyo."

"Sawa," akasema.

Aliporudi kwenye zamu nilimsikia kutoka dirishani. Simama, kwa pikipiki. Simama, kwa mama mwenye kuni. Simama, kwa mbuzi. Wenzake hawakucheka.

13 Novemba

Mke wa marehemu amekuja langoni kumletea Ayoubu chakula. Anaitwa Safi. Ni wa umri wangu, labda chini kidogo. Nilipokea bakuli mimi mwenyewe.

"Ulizika lini, dada?" nikamuuliza, kwa kukosa la kusema.

"Siku ya pili. Imamu na watu wawili, basi."

"Majirani?"

"Wanaogopa. Wanasema jeshi limesema Kamaldine alikuwa muasi, na mwenye kukaa kilio cha muasi ataandikwa yeye pia. Nimetandika mikeka. Hakuna mutu amekaa."

Hakulia, nami sikulia. Tulikuwa wanawake wawili tunaoshikilia bakuli moja. Kisha akaniachia.

16 Novemba

Amri imetoka Kindu: Ayoubu apelekwe wiki ijayo, na pikipiki ya kwanza itakayopita matope. Yeyote aliyewahi kusikia habari za waliopelekwa anajua kwamba wengine hawarudi, si kwa ubaya wa mtu fulani, bali kwa sababu hakuna anayekumbuka walikuja kwa nini.

Mjini watu wameacha kutuuzia mchele. Mama Sifa anafunika gunia lake akiona sare. Meja ameitisha mkutano sokoni kesho kutwa, atulize wananchi. Atasema kwa Kifaransa. Nitatafsiri.

Nilijaribu kujua ninaogopa nini. Sikupata kitu. Ni ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unajua ni wako kwa sababu tu unauona.

18 Novemba

Mvua ilikatika asubuhi. Watu walijaa, wakakaa juu ya magogo na mifuko ya plastiki. Safi alikaa pembeni peke yake. Karibu naye kulibaki nafasi ambayo hakuna aliyeijaza. Élysée alikuwa mmoja wa walinzi nyuma yetu.

Meja alianza vizuri. Jeshi limekuja kuwalinda. Nikatafsiri. Jeshi linajua kwamba mnateseka. Nikatafsiri. Husema sentensi fupi, na anangoja. Kumtafsiri yeye ni rahisi.

Kisha akasema: "Tarehe sita, askari wetu aliwaamuru watu wawili wasimame. Aliwaamuru mara tatu."

Nilikuwa na neno mdomoni. Simama. Ningelisema, lingepita, na Kamaldine angekuwa mtu aliyeambiwa kwa Kiswahili safi asimame akakataa. Lakini hakuna aliyemwambia hivyo. Katika siku zake zote za mwisho hakuna askari aliyemwambia simama. Mkalimani hana haki ya kuongeza neno. Hilo nilifundishwa.

Nikasema: "Tarehe sita, askari alipaza sauti mara tatu. Alisema, *Telema*."

Nililisema kama alivyolisema Élysée, kwa sauti ile ile ya juu.

Meja akaendelea: "Walikataa amri."

"Meja anasema walikataa amri."

Kisha Mama Sifa, kutoka mstari wa mbele, bila kusimama kwa ajili ya magoti yake:

"Walikataa namna gani? Si walitelemuka?"

Mwanaume mmoja nyuma akasema, "Aliwaambia watelemuke, wakatelemuka. Sasa kosa iko wapi?" Neno likaanza kutembea. Nililiona likipita mstari kwa mstari, telemuka, telemuka, watu wakigeukiana, mikono ikionyesha upande wa daraja, ikichora mtelemko hewani.

"Wanasema nini?" Meja akaniuliza.

Hii pia ilikuwa kazi yangu. "Wanauliza, Komanda, kama waliambiwa washuke na wakashuka, kosa liko wapi."

"Umewaambia nini?"

"Neno alilosema askari. Sikulitafsiri."

Akanitazama. Ningependa kuandika kwamba niliona hasira, ningejua la kufanya nayo. Niliona mtu anayesoma ubao wake mwenyewe.

"Waambie mkutano umekwisha."

Nikawaambia. Hakuna aliyeinuka. Ndipo Safi akasimama, kule pembeni.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Mikeka yangu iko chini tangu siku ile. Muniambie moja tu. Nilie mume, ao nilie muasi?"

Nikatafsiri. Sauti yangu ilikuwa sawa, niliisikiliza. Meja alivua kofia, akaigeuza, akaivaa tena. Nyuma yetu nilisikia Élysée akivuta pumzi. Ripoti ilikuwa imepanda. Jenerali alikuwa amepongeza. Ingetosha Meja ageuke na kwenda zake.

Akasema neno moja.

"Mume," nikatafsiri.

Mama Sifa aliinuka kwanza, kwa kujikokota, akashika magoti. Alikwenda akakaa pale pasipokuwa na mtu, kando ya Safi. Kisha wakaenda wengine.

19 Novemba

Ayoubu ameachiwa. Alipita langoni bila kututazama. Meja ametuma ripoti ya pili. Ameandika kwamba aliyeweka bariera ni yeye.

23 Novemba

Mvua. Hakuna jibu kutoka juu. Nyumba ya Safi imejaa watu, nilipita kwa mbali. Sikuwa na haki ya kukaa.

28 Novemba

Jibu limekuja. Meja anabaki. Ameandikiwa kwamba uongozi umeridhishwa na uwezo wake wa kujirekebisha. Élysée anaitwa Kindu mbele ya mahakama ya kijeshi. Meja alipiga simu, nilimsikia kupitia ukuta wa mabati akisema mara kadhaa, "Lakini ni mimi niliyemweka pale." Koplo ni mwepesi zaidi kumtwisha kosa.

Mimi nimehamishiwa Kasongo, kupumzika.

30 Novemba

Élysée ameondoka leo, katikati ya askari wawili. Alinyoosha mkono kama siku ile darasani.

"Mama Mateya. Mbele ya hakimu nikiulizwa nilisema nini, niseme lugha gani?"

Nilidhani ni mzaha. Nikamtazama, haukuwa mzaha.

"Useme kama ulivyosema," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali. Akisema telema, atakuwa amekiri kwamba hakuwaambia kwa lugha yao; nilikuwa nimempa hukumu yake kwa mkono wangu, na nisingeweza kumpa kitu kingine. Alipopanda pikipiki, Meja alimpigia saluti. Meja kwa koplo. Nimekuwa nikiifikiria saluti ile jioni nzima. Kuna wakati naiona ni ya heshima, na kuna wakati naiona ni ya bei rahisi mno.

3 Desemba

Nimeaga. Meja alinipa mkono, akasema angependa kufanya kazi na mimi tena, kisha akasema, "Au hapana." Tukacheka kidogo. Ubaoni mtu alikwisha kuyafuta maneno yake. Sikuuliza nani.

Dereva wangu alilazimika kuzunguka na kuingia barabara ya daraja kutoka juu, ile nyingine imezama. Juu ya mtelemko sasa kuna ubao umepakwa rangi nyeupe: SIMAMA. Askari mpya, simjui, alitoka chini ya turubai akainua mkono.

"Simama," akasema, vizuri kabisa.

Tukasimama. Akatazama mizigo yangu, akatazama cheo changu, akajiweka sawa. Kisha akaonyesha kwa kidole chini, kwenye mwanzi. Amri sasa ni kwamba abiria ashuke na kuumaliza mtelemko kwa miguu.

"Telemuka, Mama," akasema.

Nikatelemuka.